Barua ya Kapteni Niliyoipiga Plastiki

Barua ile niliiharibu mimi, kwa mkono wangu huu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Naanza na hilo ili mtu asisome mpaka katikati akidhani kuna mwingine wa kulaumiwa. Ilikuwa barua ya mwanajeshi wa Amerika, kapteni, aliyekufa kabla mama wa bibi yangu hajazaliwa. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwanamke mzee niliyemfanyia kazi hapa Johannesburg, na katika vitu vyote alivyokuwa navyo, hicho ndicho alichotaka kibaki mkononi mwake mpaka mwisho.

Nilianza kazi kwake mwaka 2008. Nilikuwa nakaa Bellevue, chumba kimoja katika nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao, sebuleni watu wanne, verandani familia nzima. Yeye alikaa juu kilimani, dakika ishirini kwa miguu. Mwaka ule ulikuwa mbaya kwetu sisi tuliotoka nje. Watu walifukuzwa, maduka yalivunjwa. Wiki nzima sikwenda kazini kwa kuogopa barabara, na nilipopanda tena kile kilima nilijua naenda kuambiwa kazi imekwisha. Alinifungulia lango mwenyewe, amekasirika mpaka fimbo inatikisika.

"Kwa nini hukupiga simu? Wiki nzima nakuzika kichwani!"

"Simu iliisha chaji."

"Uko na nani kule?"

"Binti yangu tu. Wakubwa wana kwao."

"Kamlete. Chumba cha nyuma kina kitanda. Mtakaa mpaka watu wapate akili."

Tulikaa miezi miwili. Hakulitaja tena jambo hilo maisha yake yote, wala hakutaka nilitaje. Nalitaja sasa kwa sababu hawezi kunizuia.

Hapa tunafundishwa kwamba mwenye nyumba mzungu anaitwa Madamu. Nilimwita hivyo siku ya kwanza, akaniangalia juu mpaka chini. "Nina miaka themanini na mbili," akasema. "Niite Gogo." Gogo ni bibi kwa Kizulu, yeye alizaliwa mji huu na Kizulu chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi akaniita Mama. Basi nyumba ikawa na watu wawili, Gogo na Mama, na hakuna aliyekuwa ndugu wa mwenzake. Tulizungumza Kiingereza, chake cha shule na changu cha jikoni. Humu naandika yote kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ninayoweza kuisimamia. Shule nilisoma miaka minne tu, kwa masista, kule Uvira, Kongo.

Chini ya ngazi palikuwa na sanduku la bati. Nililifuta vumbi kila Ijumaa kwa miaka miwili bila kuuliza lina nini. Siku moja Gogo akaniambia nilivute mpaka mezani, akalifungua. Ndani mlikuwa na karatasi. Karatasi tu. Nasema kweli, nilivunjika moyo. Kwa uzito ule nilidhani ni vyombo.

Zilikuwa karatasi za Kapteni, baba wa bibi yake Gogo. Alipigana vita vya nchi yao, watu wa kaskazini na watu wa kusini, kisha akapelekwa mbali magharibi kwenye ngome za jeshi, kwenye theluji na upepo. Mkewe hakutupa kitu. Barua ya kupewa cheo, iliyoandikwa juu ya ngozi, ina muhuri wenye picha ya tai. Amri za kuhama. Orodha ya mablanketi. Barua walizoandikiana wakiwa mbalimbali. Kapteni alikufa kwa homa kijana bado, na binti yake wa pekee alizaliwa yeye akiwa ngomeni, mkewe amerudi kwao kujifungua, hakumwona hata siku moja. Binti huyo alikua, akaolewa na mtaalamu wa migodi, mtaalamu akaitwa huku kwenye dhahabu, na sanduku likaja naye kwa meli. Huyo ndiye bibi aliyemlea Gogo.

Sasa macho ya Gogo yalikuwa yanakufa. Yalikufa katikati kwanza. Pembeni bado aliona. Alisoma amegeuza kichwa upande kama kuku anayetazama punje, na kioo cha kukuzia mkononi. Mwanawe, aliye Australia, alimwambia kwa simu, "Mama, zipige picha, halafu tupa." Gogo alikata simu hapohapo. Kesho yake akaniamuru nimwandalie kalamu, akaandikia maktaba moja kubwa kule Amerika, mahali alipozaliwa Kapteni. Wakajibu kwamba watazichukua zote na kuzitunza. Mwanamke mmoja wa hapa, kazi yake kuhifadhi nyaraka, mwenye ofisi Marshalltown, katikati ya mji, ndiye angekuja kuzikagua na kuzifunga.

Kabla hajaja, Gogo alitaka zipangwe. Na asiyeona atapangaje? Akasema, "Mama, utanisaidia." Nikamwambia sijui kusoma mwandiko ule, umelala kama nyasi. Akasema, "Basi tutaona unachojua."

Kumbe nilikijua kitu. Mimi nimeshona nguo miaka mingi, na mshono wa mtu naujua bila kuambiwa jina lake. Mwandiko ni vilevile. Wa Kapteni uliegemea mbele kama mtu anayetembea kwenye upepo. Wa mkewe ulikuwa mdogo, umebanana, hautoi nafasi bure. Wa makarani wa jeshi ulikuwa wa duara, mzuri, hauna mtu ndani. Nikaanza kugawa mafungu matatu bila kusoma neno. Gogo akachukua karatasi moja kwenye kila fungu, akaigeuzia jicho lake la pembeni, akaangalia, akaangalia tena. "Hukukosea hata moja," akasema. Siku ile nilipika wali wa nazi bila kuagizwa.

Tukawa tunafanya kazi hiyo kila siku baada ya vyombo, na yeye ananisomea zile alizoweza. Mke wa Kapteni nilimpenda mapema. Kule jeshini kwao palikuwa na desturi: afisa mwenye cheo kikubwa akifika ngomeni, anatazama nyumba zote, anachagua anayoitaka, na aliyemo anatoka na familia yake. Huyo aliyetolewa naye anakwenda kumtoa wa chini yake. Na wa chini anamtoa wa chini zaidi, mpaka wa mwisho analala kwenye hema. Mke wa Kapteni alitolewa mara tatu katika baridi moja.

"Hiyo ni Bellevue," nikamwambia Gogo. "Mwenye nyumba akipata mtu mwenye friji, mwenye jiko la mkaa anahamia verandani."

Gogo alicheka mpaka kioo kikamponyoka.

"Mara ya tatu," akasema, "anaandika kwamba ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kutundika mapazia."

"Aliyaacha?"

"Nini?"

"Mapazia. Aliyaacha?"

Akainama tena, akageuza kichwa huku na huku. "Hapa anasema... niliondoka na mapazia yangu... na misumari."

"Na misumari!" nikasema. "Huyo ni mwanamke."

Tangu siku hiyo, kila Gogo alipoona napanga kitu vizuri aliniambia, "Na misumari, Mama," na mimi nilijua ananisifu.

Barua moja hakuniruhusu niiweke kwenye fungu. Ilikaa peke yake kwenye bahasha, ndani ya droo ya kitanda chake. Ndiyo barua ya Kapteni kwa binti aliyekuwa ndiyo kwanza amezaliwa. Aliiandika pande zote mbili za karatasi. Anamweleza mtoto chumba chake cha ngomeni, kila kitu, ili amjue baba yake kwa vitu vyake: jiko linalotoa moshi, kiti kimoja, viatu vilivyopasuka, kikombe cha bati, mbwa mwenye sikio moja. Kwenye kona ya chini alimchora mbwa huyo. Kisha anamwambia, nikichelewa kufika, usidhani sikuwa na njia ya kuja kwako. Dhani ni theluji tu. Miezi michache baadaye akafa.

Mtoto huyo aliitembeza barua hiyo kwenye mkoba wake miaka yote mpaka akawa bibi, akamsomea Gogo akiwa mdogo. Ndiyo maana iliharibika. Ilikunjwa mara nne, na kwenye mikunjo ilikuwa imekatika, vipande vinne kamili, kingo zake zimelika. Kila Gogo alipoifungua, chembe ilibaki kwenye shuka. Nilikuwa naziokota kwa ncha ya kidole.

"Hii nayo itakwenda Amerika?" nilimuuliza.

"Nikifa," akasema. "Kabla ya hapo nataka kuishika. Naomba tu isinitangulie."

Hilo neno, isinitangulie, liliniingia.

Mwaka 2011 wakampa siku ya kupasuliwa jicho hospitali, alale siku tatu. Na mwanamke wa nyaraka angekuja siku ileile ya kutoka. Asubuhi nilipomfungia mkoba, aliifungua barua mara moja kuitazama, na kipande chenye mbwa kikaanguka chini ya kitanda. Nilikitoa kwa ufagio, taratibu, nikiwa nimepiga magoti. Alipoondoka nilikaa kwenye kile kitanda nikaitazama bahasha.

Lazima niseme jinsi sisi tulivyo na karatasi. Mtu aliyekimbia vita hana shamba wala nyumba, ana karatasi. Ile ya ukimbizi inagongwa mhuri kila baada ya miezi, kwa hiyo haifunikwi. Inachakaa kifuani mwako kwa jasho mpaka inakuwa kama kitambaa. Lakini ukipata karatasi ambayo hakuna atakayeigonga tena, cheti cha ubatizo, cheti cha shule cha mtoto, cheti cha ndoa, siku hiyohiyo unashuka Yeoville kwa mtu wa fotokopi na kuipiga plastiki. Inapita kwenye mashine ya moto, inatoka ngumu, inang'aa, maji hayaingii. Kwetu karatasi iliyo ndani ya plastiki ni karatasi iliyopumzika. Ubatizo wa binti yangu uko hivyo. Hata picha ya mazishi ya dada yangu iko hivyo. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo ninayoijua kwa karatasi.

Basi nikaichukua bahasha, nikaiweka kifuani, nikashuka.

Mtu wa fotokopi ni Mkongomani wa Lubumbashi, mdomo wake haupumziki. "Karibu mama. Leo cheti cha nani?"

"Si cheti. Barua."

Akaitazama. "Ya zamani hivi? Na mwenyewe bado anangoja jibu?"

"Alikufa."

"Pole sana, mama. Lini?"

"Babu yako hajazaliwa."

"Basi hana haraka huyo. Keti." Akafungua boksi. "Unataka ya kawaida au nzito?"

"Nzito."

"Eish, mama, nzito haitoki hata kwa panga."

"Ndiyo ninayoitaka hiyo."

Nilivipanga vipande mwenyewe juu ya plastiki, sikumruhusu aviguse. Nilifuata kingo. Mwandiko ulikuwa wa Kapteni pande zote, umeegemea mbele pande zote, wino uleule wa kahawia. Nilimweka mbwa chini kwenye kona yake. Nikaona imekaa vizuri. Nikasema, pitisha. Ikaingia upande huu, ikatoka upande ule, ya moto, nikaipepea kwa kanga kama mkate.

Nilipanda kilima nikiwa na furaha. Nisijifanye. Nilikuwa na furaha kama mtu anayepeleka zawadi.

Gogo alirudi amefungwa bandeji jicho moja, na mwanamke wa nyaraka akafika saa ileile na maboksi yake. Alikuwa mpole, nywele fupi, akaanza kwa kuomba sabuni anawe mikono. Aliponiona napaka vaselini akaniambia kwa adabu kwamba mafuta ni adui wa karatasi. Alitazama mafungu yangu matatu, akauliza nani kayagawa, Gogo akaninyooshea kidole kwa majivuno. Nikaona huo ndio wakati. Nikaenda chumbani, nikaleta barua, nikaiweka mezani mbele yao.

 Yule mwanamke alivua miwani, akavaa tena.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," nikasema, bado natabasamu.

Akaniuliza kama ilikuwa plastiki ya moto. Nikasema ndiyo, ile nzito. Akavuta kiti akakaa. Akanieleza bila kunipandishia sauti, namshukuru kwa hilo mpaka leo: gundi ya plastiki imeshaingia ndani ya karatasi, haitoki, ukijaribu kuitoa kwa dawa wino unaondoka nayo, na plastiki yenyewe itaila karatasi polepole miaka inavyokwenda. Maktaba haitaweza kuitunza kama zile nyingine. Kisha akainama karibu, akafuata mstari kwa kidole hewani, akasimama.

"Na kipande hiki," akasema, "cha juu kulia. Kimegeuzwa. Mbele kuko nyuma."

Sikuelewa. Akanionyesha. Unasoma mstari, unafika katikati, na maneno yanayofuata yako upande wa pili. Nilijua mwandiko wa nani. Sikujua umesema nini. Kingo zote zimelika sawasawa, na mimi nilikuwa nimekifunga kipande kinyume, milele.

Gogo alinyoosha mkono. Nikampa. Akaipapasa, akaikunja kidogo ikalia kama bati jembamba. Akaipapasa kwenye mikunjo, ambako zamani vidole vyake vilijua njia, na sasa palikuwa laini tupu.

"Mama," akasema, "naomba utoke nje kidogo."

Nilitoka. Nikakaa kwenye ngazi za jikoni. Mwanamke wa nyaraka alimaliza kazi, akaondoka na maboksi yote. Barua ilibaki.

Siku mbili Gogo hakusema nami. Nilipika, alikula kidogo. Alijipikia chai mwenyewe na jicho moja, akaimimina mezani, nikafuta bila neno. Nilianza kukunja nguo zangu kimoyomoyo. Kwa miguu nilishuka mpaka saluni ya binti yangu pale Yeoville, anakosuka. Alikuwa anamsuka mteja. Nilimweleza. Akashika tumbo kwa kucheka.

"Mama! Umempiga plastiki babu wa mzungu!"

"Usinicheke."

"Na umemgeuza! Kichwa huku, miguu kule!"

Mteja naye anacheka, ingawa hajui habari yenyewe. Kisha binti yangu aliacha kucheka, akashusha kitana.

"Mama, mimi nasoma Kiingereza. Saluni iko hatua kumi kutoka kwa yule wa fotokopi. Ulipita mlangoni hapa na barua kifuani. Kwa nini hukuingia?"

Nilirudi kilimani. Jibu ninalo sasa. Mtoto uliyemshika mkono kutoka vitani ni vigumu kumwambia, nisomee.

Siku ya tatu Gogo aliniita. Alikuwa kitandani, barua kifuani.

"Keti. Nimechoka kukununia. Nyumba hii ni kubwa mno kwa kazi hiyo." Nikaketi. "Sasa niambie kwa nini. Na usiniambie ulitaka kusaidia. Hilo nalijua."

Nikamwambia ambalo sijawahi kumwambia mtu mji huu. Mume wangu naye alikuwa mwanajeshi. Koplo, si kapteni. Alikuwa na kitabu chake cha jeshi, picha yake na sare, na barua kumi na moja alizonitumia kutoka kambini, maana niliolewa na mtu wa kuandika. Yeye alisoma kunizidi. Vita vilipofika Uvira alikuwa mbali, na hakurudi. Tulikimbia bila yeye. Barabarani vizuizi vilikuwa vingi, na aliyekutwa na karatasi ya jeshi alitolewa pembeni pamoja na watoto wake. Asubuhi moja kabla ya kizuizi niliwasha moto wa majani, nikaweka sufuria, nikatia motoni kitabu, na picha, na barua, moja moja. Maji yakachemka. Watoto wakanywa chai. Binti yangu alikuwa na miaka saba na aliuliza kwa nini moto unanuka hivyo.

"Leo ananiuliza baba yake alikuwaje," nikamwambia Gogo. "Sina hata neno lake moja kwenye karatasi. Nilipoona yako inameguka, nilisema hii haitakufa, nikiwa hai haitakufa. Nikaiua."

Gogo akanigeuzia uso.

"Ungerudi barabara ile, ungezichoma tena?"

"Ningezichoma. Watoto wako hai."

"Basi usilie."

"Silii."

"Nakusikia."

"Ni mafua."

"Hmm," akasema. Akainua barua karibu na uso, lakini hakuitazama. Bandeji iko jicho hili na jingine ni ukungu. Akaanza kuisema. Aliijua yote kichwani tangu utoto. Jiko linalotoa moshi, kiti kimoja. Alipofika pale kipande kilipogeuka, aliigeuza plastiki, ikalia, akaendelea, akairudisha, ikalia tena, akaendelea. Mpaka kwa mbwa.

"Inasomeka," akasema. "Ila sasa inataka kazi."

Sisemi kwamba nilifanya vizuri. Nilifanya vibaya, na nawaambia wengine: karatasi ya zamani msiipeleke kwenye mashine. Lakini lazima niseme pia nilichoona. Macho yale hayakupona. Mwaka 2013 Gogo alihamia nyumba ya wazee, chumba kimoja, kitanda, kiti, dirisha, alikicheka mwenyewe, akasema, "Wenye cheo wamenitoa." Nilimtundikia mapazia yake ya nyumbani, na misumari nilileta ileile. Nilikwenda kila siku ya pili. Barua ilikaa naye kitandani, chini ya shingo, kwenye mto, kwenye sinia. Chai ilimwagikia, supu ilimwagikia, nami niliifuta kwa kitambaa chenye maji nikairudisha. Ile ya vipande vinne isingemaliza wiki. Sijui Mungu anapimaje jambo kama hilo. Nashukuru tu kwamba alikuwa na kitu cha kushika.

Kabla hajahama alinipa jalada moja. Mwanamke wa nyaraka alikuwa ameliacha kwa bahati, la karatasi ngumu ya rangi ya maziwa, tupu.

"Hili lako," akasema Gogo.

"Nitie nini? Sina kitu."

"Una mdomo. Una miaka minne ya shule. Andika."

"Kwa Kiingereza?"

"Mume wako alikuandikia kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiswahili."

"Basi? Na tumia penseli. Yule mama alisema penseli haichuruziki."

Niliandika kwa muda mrefu, siku za mapumziko, kwenye meza ya jikoni. Mwanzoni sikujua pa kuanzia, kisha nikafanya kama Kapteni. Niliandika vitu. Kofia yake aliyoivaa upande wa kushoto. Redio aliyoifunga kwa mpira. Alivyokata kucha kwa kisu na kunitisha. Alivyopika samaki siku nilipojifungua binti huyu, akawaunguza, akawala yeye mwenyewe wote ili nisione. Maneno ya barua zake ninayoyakumbuka niliyaandika, na nisiyoyakumbuka nikaandika kwamba siyakumbuki.

Gogo alifariki mwaka 2014, usingizini. Mwanawe alikuja kutoka Australia, mtu mzima mwenye mvi, amechoka na safari. Nilimpa barua mkononi. Alisoma, akafika katikati, akasimama, akaigeuza, ikalia, akairudisha.

"Nani aliiweka hivi?"

"Mimi. Nilikosea."

Akaikunja kidogo isikike tena. "Kumbe ndiyo sauti hii," akasema. "Kila Jumapili alinisomea kwa simu. Anasoma, ananyamaza, nasikia kitu kinalia, anaendelea. Nilidhani ni simu mbovu." Akauliza kama anaweza kuondoka nayo. Nikamwambia ni yake, mimi nilikuwa naifuta tu. Yeye aliyesema zitupwe aliiweka ndani ya shati, siyo kwenye begi.

Jalada langu niliendelea kulijaza. Lilipojaa nilishuka saluni, siku isiyo na wateja, nikaliweka kwenye mapaja ya binti yangu. Nikamwambia, "Nisomee." Akasoma kwa sauti tangu kofia. Kwenye samaki alisimama, akafuta macho kwa taulo ya nywele, akaendelea mpaka mwisho. Kisha akazigeuza zile kurasa, akazitazama kingo.

"Mama, hii penseli itafutika. Nimpelekee yule wa fotokopi apige plastiki?"

Nikamwambia, "Jaribu uone kama utasuka tena kwa mikono hiyo."